Mkaa Kwenye Mpango wa Matibabu

Nilipoanza kazi ya ushauri nasaha katika kliniki moja ya Mombasa, mpango wa matibabu uliandikwa kwa ajili ya faili. Kurasa nne za Kiingereza cha vitabuni, jina la ugonjwa juu, malengo chini: kupunguza dalili za sonona, kuongeza ushirikiano na jamii. Mteja hakuuona. Mkaguzi aliupigia tiki, ukarudi kabatini.

Mambo yalianza kubadilika ulipotufikia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016, PM+, wa msaada wa kisaikolojia wenye vikao vitano tu. Jijini Nairobi wahudumu wa afya ya jamii, watu wasio na shahada ya saikolojia, walikuwa wameutumia kwa wanawake waliopitia ukatili, na matokeo yakachapishwa 2017. Baadhi ya wenzangu waliubeza. Mimi nilinaswa na swali lake: katika matatizo yako yote, lipi unaweza kuanza kulishughulikia wiki hii?

Nilimuuliza hivyo mama mmoja muuza mahamri, aliyeacha kupika tangu afiwe na mumewe. Tukaandika: Jumanne na Alhamisi, baada ya swala ya alfajiri, atakanda kilo moja ya unga. "Na nini kitakuzuia, mama?" Akajibu bila kufikiri, "Mkaa." Basi mkaa ukaingia kwenye mpango: nani atanunua, siku gani, kwa pesa ipi. Hakuna kitabu cha tiba nilichosoma kinachotaja mkaa, ilhali bila huo lengo letu lisingefika hata Jumanne.

Alama za PHQ-9, dodoso la kupima sonona, bado naziandika, 0 hadi 27, kila baada ya vikao kadhaa. Sisi watu wa pwani ukituuliza hali tutasema njema hata tukiwa tunazama; maswali tisa hayaoni haya. La tisa linahusu mawazo ya kujidhuru, na mteja akilijibu ndiyo, ufupi wa mpango naachana nao. Dawa zitakaa kwa nani, ataamshwa nani usiku, simu ya nani: yote yanaandikwa kwa majina.

Siku hizi mpango ni nusu ukurasa, kwa Kiswahili, na nakala anaondoka nayo mteja. Kwa wasiosoma, mpango unasomwa na kurekodiwa kwenye simu. Wengi huomba asome binti au dada yao badala yangu.