Doa la Kahawia

Marehemu baba alikuwa akisoma slaidi za malaria Amani, milimani juu ya Muheza, kwenye taasisi ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 kwa utafiti wa kilimo na mimea. Alinifundisha kumtambua kimelea aliyekomaa kwa doa la kahawia ndani yake. Ni mabaki ya damu aliyokula, huitwa hemozoini. Vile vichanga, vya umbo la pete, havina doa.

Doa hilo ndilo lililonitesa Ujerumani.

Nilikwenda kusomea shahada ya uzamivu, kufuatilia molekuli mojamoja ndani ya kimelea aliye hai. Mwaka 1873 Ernst Abbe alionyesha kwamba hadubini ya nuru haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, na protini moja ni nanomita chache tu. Betzig, Hell na Moerner walipewa Nobel ya kemia mwaka 2014 kwa kuuvuka mpaka huo. Mimi nilitumia njia ya kuzipachika protini rangi inayong'aa, kuziwasha chache kwa zamu kwa leza, kisha kompyuta inatafuta kitovu cha kila nukta.

Ila leza ikiipiga hemozoini, hemozoini hupata joto na kimelea hupasuka. Kila nikijaribu, hupasuka. Ufadhili nao ulikuwa ukingoni.

Ndipo baba akafariki. Nauli sikuwa nayo, nikazika kwa simu. Ilikuwa masika, na mnajua mtandao wa kule juu: ulikatika kabla ya dua kwisha. Baada ya hapo sikutaka hata kuiona maabara. Dada mmoja wa Mombasa, jirani yangu bwenini, alikuwa akinigongea mlango na sahani ya wali mkononi, na haondoki mpaka nile. Bila yeye ningerudi nyumbani mikono mitupu.

Niliporejea kazini niliwaacha vimelea wakubwa, nikashika vipete, kwa nuru nyekundu na hafifu. Nukta zikawaka, zikatembea sekunde chache, zikazimika. Kimelea mzima! Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja.

Nikampigia mama.

"Kwa hiyo ndiyo dawa hiyo?"

"Bado, mama. Hata wale wenye doa bado wananipasukia."

"Haya. Baba yako naye alikuwa akiwalalamikia wakubwa."

Sikuwahi kulijua hilo.