Mjomba hakuruka dozi

Wandugu, nimekuwa kimya wiki mbili. Nilikuwa namuuguza mjomba, na leo nataka kumuomba radhi hadharani.

Mwaka jana alikohoa hadi akakonda. Makohozi yakapimwa kwa darubini, akaambiwa ni TB. Akaanza dozi ya miezi 6: miezi miwili dawa nne, minne iliyobaki dawa mbili. Mwezi wa 5 akapimwa tena, vimelea bado wapo. Tangu hapo swali likawa moja, kliniki na nyumbani: "Mzee, unaruka dozi?" Shangazi alikuwa akimhesabia vidonge kila asubuhi, akaapa. Hakuna aliyemsikiliza. Hata mimi, mwandishi wa habari ninayejidai kuuliza maswali, niliamini mjomba anatudanganya.

Makohozi yakapelekwa kwenye mashine ya GeneXpert. Mashine ikasema hakuna TB. Darubini inaona, mashine haioni! Ikabidi sampuli ioteshwe maabara, na jibu likaja: Mycobacterium abscessus. Huyu ni ndugu wa kimelea cha TB, anaishi kwenye maji na udongo. Rangi ya maabara inawashika wote wawili, hivyo kwa darubini huwezi kuwatofautisha. Lakini zile dawa za TB hazimuui.

Tena ana hila. Wengi wao wana jeni inayoitwa erm(41). Ukimpima na dawa ya klarithromaisini, siku ya 3 unaona dawa inamweza. Subiri hadi siku ya 14, utakuta ameshaizoea. Anayesoma majibu mapema anampa mgonjwa matumaini hewa.

Sasa mjomba anachomwa sindano za amikasini, na juu yake dawa nyingine kadhaa. Safari ni ya zaidi ya mwaka, na wapo wengi wanaoimaliza bila kupona. Daktari hakutuficha.

Msinielewe vibaya: TB inatibika, na dozi lazima imalizwe. Ninachosema ni kwamba dawa ikishindwa, tuulize pia ni mdudu gani tunayempiga, kabla ya kumgeuza mgonjwa mshitakiwa.

Juzi nilimwambia, "Mjomba, nisamehe." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Alipotulia akasema, "Mimi nilikwambia, mjomba. Shangazi yako naye alikwambia. Wewe ulitaka mashine ndiyo iseme."

Sikuwa na jibu.