Gisenyi: Chuo Kando ya Ziwa, na Safari Iliyo Mkononi

Mwezi huu ukurasa wetu wa safari unawapeleka Gisenyi. Tumeuchagua mji huo kwa sababu kuna vijana wetu wanaoanza chuo kule, na wengine wanaanza huku familia ina safari nyingine mezani: kuhamishiwa ng'ambo, kumtembelea ndugu aliye Ulaya, au kurudi kambini kwa uhakiki. Wazee husema mshika mbili moja humponyoka. Tutazame kama ni lazima iwe hivyo.

Kwanza njia. Ukitoka Kigali unapanda basi kupitia Musanze, mji ambao wengi bado tunauita Ruhengeri. Ni mwendo wa saa tatu au zaidi kidogo, milima na kona, na wenye tumbo jepesi wakae karibu na dirisha. Ukitoka upande wa Kiziba unashuka Karongi, kisha unafuata barabara ya lami kando ya ziwa kupitia Rutsiro. Treni hakuna. Rwanda haina reli hata moja, na reli za jirani zinazotufaa ziko Tanzania, kule Isaka na Kigoma.

Mji wenyewe uko ukingoni mwa Kivu, mita kama 1,460 juu ya bahari, hivyo jioni chukua sweta. Kwenye karatasi za serikali utasoma Rubavu, jina la wilaya, lakini kondakta akiita abiria anaita Gisenyi. Kuna mchanga, kuna nyumba za zamani za Wabelgiji, na kuna kiwanda cha bia cha Bralirwa kilichoanza mwaka 1957. Usiku wavuvi wanatoka na mitumbwi iliyofungwa pamoja kutafuta sambaza. Samaki hao wadogo si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakapokelewa, wakazaana, na leo mama wa sokoni hakumbuki kama waliwahi kuwa wageni.

Sasa tuje kwenye jambo linalogusa moyo. Ukisimama Gisenyi unaiona Goma. Miji hiyo miwili imegusana, katikati ni mpaka tu. Ule mpaka mdogo, Petite Barrière, kila asubuhi unajaa akina mama wenye mboga, maziwa na unga kichwani. Mwaka 1976 marais wa Rwanda, Burundi na Zaire walikutana Gisenyi wakaanzisha CEPGL, jumuiya iliyotaka watu wa nchi hizi tatu wapite kwa urahisi. Kwa mkazi wa kawaida ni kuvuka kununua na kurudi. Kwa mkimbizi si hivyo. Mtoto wako akikaa chuo Gisenyi, jioni anaona taa za mji wa kwao, na kama hakuna mawingu anaona pia wekundu wa Nyiragongo. Lakini kwenda pale kunaweza kumletea maswali: umekimbia nchi, mbona unarudi kutembea? Wazazi, zungumzeni hilo na kijana kabla hajaondoka kambini. Akiitwa na shangazi aliye Goma kwa harusi au kwa msiba, asivuke kwanza ndipo aulize. Aulize kwanza kwa ofisi inayowalinda wakimbizi.

Tena Gisenyi ina historia ya chuo ambayo vijana wengi hawaijui. Si mbali na mji kuna mahali panaitwa Mudende. Waadventista walifungua chuo kikuu hapo mwaka 1984, na wanafunzi walitoka nchi nyingi zinazotumia Kifaransa. Baada ya mwaka 1994 chuo kilihamia Kigali. Mudende ikawa kambi ya Wakongomani waliokimbia Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1997 kambi ilishambuliwa mara mbili, Agosti na Desemba, na mamia ya watu waliuawa. Waliobaki walipelekwa Gihembe, na Gihembe nayo ilifungwa mwaka 2021, watu wakahamishiwa Mahama. Wapo kati yetu waliopita njia hiyo yote. Basi mtoto wa familia hiyo akirudi wilaya ya Rubavu na begi la daftari, akaingia darasani katika tawi la ULK lililopo Gisenyi, si jambo dogo. Mahali chuo kiligeuka kambi, leo mtoto wa kambi anakwenda chuo.

Kwa hiyo tusiache kiti hicho kipotee kwa sababu ya safari. Na kinapotea kweli. Tunasikia kila mara: "Asijiandikishe kwanza, tunangoja kuitwa Marekani." Kijana anakaa nyumbani mwaka mmoja, miwili, mitatu. Mnakumbuka Januari 2025: Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata watu waliokuwa na tarehe ya ndege walifutiwa safari. Aliyekuwa ameanza chuo alilia siku mbili, ya tatu akarudi darasani. Aliyengoja tu alibaki bila ndege na bila masomo. Tarehe ya ndege iko mikononi mwa wakubwa, lakini somo ulilomaliza ni lako, hakuna wa kulifuta.

Je, ikitokea safari imekuja katikati ya mwaka? Nayo ina dawa. Kila muhula ukiisha, kijana aombe karatasi ya alama yenye muhuri, asingoje mwaka wa mwisho. Diploma ya Kongo na ile karatasi inayoonyesha kwamba inalingana na ya Rwanda, zote atoe nakala na nakala ibaki kwa mzazi. Akiondoka aandike barua ya kuahirisha masomo, ipokelewe na kugongwa muhuri. Ukitoweka tu, huko mbele huna cha kuonyesha, unaanza moja.

Halafu kuna safari ndogo ambazo ndizo zinavuruga zaidi. Chukueni daftari, pigeni mstari katikati. Upande mmoja andikeni tarehe zisizosogea: siku za kujiandikisha chuoni, mitihani, uhakiki wa kambi ambapo kila mtu anatakiwa aweke kidole mwenyewe, mahojiano na vipimo vya afya. Upande wa pili andikeni zinazosogea: kumtembelea bibi, harusi, kuleta unga. Zikigongana mbili zisizosogea, nendeni ofisini mapema na barua ya chuo, si siku yenyewe. Ruhusa ya kutoka kambini ombeni kabla ya kukata tiketi ya basi. Na wiki mbili za kwanza chuoni kijana asipange safari yoyote. Ndizo wiki za kupata kadi, ratiba, chumba na marafiki. Akizikosa, atakimbizana na wenzake muhula mzima.

Wekeni pia akiba ya siku na ya nauli, maana Gisenyi si mji wa kupanga kila kitu kwa saa. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya Korona. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, watu wa Goma wakamiminika Rubavu, na matetemeko yakapasua majumba pande zote mbili. Januari 2025 vita vilipofika Goma, risasi na mabomu vilivuka mpaka na watu waliuawa upande wa Rubavu. Kijana awe na nauli ya kurudi ambayo haguswi kwa njaa wala kwa simu mpya.

Mwisho, wale wenye ndugu Ulaya wanaosema, "Likizo njoo, tutakupeleka kwa treni nchi hadi nchi." Ni ndoto nzuri, lakini ina ngazi zake. Ngazi ya kwanza ni hati ya kusafiria ya mkimbizi, iliyotajwa katika kifungu cha 28 cha Mkataba wa Geneva wa 1951. Hati hiyo si ya kurudia nchi uliyoikimbia. Ngazi ya pili ni viza, na barua ya chuo inayoonyesha kwamba una masomo ya kurudia inasaidia kueleza safari yako. Tiketi iwe ngazi ya mwisho, kamwe isiwe ya kwanza. Treni za mwendo mrefu kule mara nyingi huwa na bei nafuu ukikata mapema, lakini tiketi nafuu nyingi hairudishwi pesa. Ujerumani kuna tiketi ya mwezi iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49, na bei imepanda tangu hapo. Inakupandisha treni za mikoa na mabasi ya miji nchi nzima, ila si treni zile za kasi. Ni ya kujiunga kila mwezi, hivyo usipoikatisha kwa wakati inaendelea kumkata ndugu yako pesa. Kabla ya yote, tarehe ya kurudi iwe kabla ya muhula kuanza, si wiki moja baadaye.

Basi, mshika mbili moja humponyoka kama amezishika zote kwa mkono mmoja. Chuo kishikwe na kijana. Safari ishikwe na familia nzima: baba anafuata ruhusa, mama anatunza nakala, mkubwa anatunza daftari la tarehe. Kijana wa Gisenyi apewe nafasi ya kusoma, na akitaka kupumzika, ziwa liko pale, kulitazama hakuna nauli.

Wazazi ambao watoto wao wanaanza mwezi Septemba, anzeni daftari lenu wiki hii. Safari njema na masomo mema.