Orodha ya Safari ya Barafu

Mtu aliye Kabalagala wakati wa jua la mchana ni vigumu kumsadikisha kwamba katika Uganda hii hii kuna barafu isiyotoka katika jokofu. Nayo ipo, juu ya vilele vya Rwenzori, karibu na Ikweta. Mwaka 1906 ilifunika kilomita za mraba zipatazo sita na nusu. Mwaka 2003 watafiti waliikuta imebaki kama kilomita moja tu.

Hayo tunayajua kwa sababu watu wa zama mbalimbali walikubali kufanya kazi moja. Katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, Chuo cha Makerere kilipeleka wapimaji mlimani. Waliweka alama katika miamba mbele ya barafu, ili ajaye nyuma yao aanzie papo hapo na kupima imerudi umbali gani. Uasi ulipoufunga mlima tangu 1997 hadi 2001, kazi hiyo ilikatika. Askari waliporudisha amani, wapimaji walipanda tena.

Miaka michache baadaye, mimi, mke wa askari mstaafu, niliombwa kupanga shehena ya kikundi kimoja cha watafiti. Sebule yangu ikageuka ghala: unga, maharagwe, mafuta ya taa, maturubai, kamba na betri. Kila mzigo niliupima kwa mizani niliyoazima kwa muuza mkaa. Nikajiona hodari.

Usiku mmoja mume wangu, ambaye aliwahi kulinda milima ile, aliisoma orodha yangu, akauliza:

"Mama watoto, wapagazi watavaa nini miguuni?"

Nilikuwa nimeandika viatu na soksi za watafiti peke yao. Nikajibu kwamba Wakonzo ni wenyeji wa mlima, wameuzoea.

"Baridi haina mwenyeji," akasema, akaniachia karatasi.

Niliona haya. Wao ndio watakaobeba vyombo vyote, wakivuka vinamasi vya bonde la Bujuku, na kulala juu kwenye baridi kali. Fedha zilikuwa zimekwisha. Asubuhi niliwaendea watafiti, nikawaomba tufute nyama za makopo na biskuti, tununue mabuti ya mpira na blanketi. Walinuna kidogo, kisha wakakubali.

Walirejea wote wakitembea kwa miguu yao wenyewe. Wakanisimulia kwamba ukungu uliwapoteza, na mpagazi mmoja mzee ndiye aliyewaonyesha mwamba wenye alama ya zamani. Laiti angaliachwa njiani kwa ganzi ya miguu, wangalipima nini?

Tangu siku hiyo, niandikapo orodha ya safari, iwe ya mlimani au ya harusi, huanza na yule atakayebeba mzigo. Nawe, ndugu msomaji, itazame tena orodha yako kabla ya kuifunga.