Porsche ya Baba, Watoto Nyuma: Wikiendi Moja Msitu Mweusi

Kuna miji inayojulikana kwa bahari, mingine kwa muziki, mingine kwa wizi wa simu. Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, unajulikana kwa magari. Umekaa bondeni kama chakula kwenye bakuli, pembeni vilima vimepandwa mizabibu, na kila ukigeuka unakutana na nembo ya mkoko fulani. Mercedes-Benz wana makumbusho yao hapo, yaliyofunguliwa mwaka 2006. Porsche nao wakafungua yao mwaka 2009 kitongoji cha Zuffenhausen, kiwandani kwao: jengo kubwa jeupe lililosimama juu ya nguzo tatu kana kwamba linataka kuruka. Unashuka kwenye treni ya mjini, unavuka barabara, umefika. Usiende Jumatatu tu, maana wanafunga.

Ndani kuna mkoko mmoja ambao wanaume husimama mbele yake wakapoa kama wako msibani. Ni Porsche 911. Ilionyeshwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963 ikiitwa 901, Peugeot wakalalamika kwamba namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati ni zao, basi ikabatizwa upya 911. Mwaka 2017 ilitoka ya milioni moja. Injini iko nyuma kabisa, buti liko mbele. Na kati ya injini na viti vya mbele, wamebana viti viwili vidogo. Mtu mzima akikaa pale magoti yanagusa kidevu. Lakini mtoto je?

Swali hilo, wapenzi wasomaji, ndilo lililonipeleka safari hii.

Mtu wa tano

Shoga yangu wa Tanga ana miaka 9 Stuttgart. Mumewe, shemeji yetu, alijibana miaka sita mpaka akanunua 911 ya mwaka 1999. Si mpya, lakini inang'aa kuliko meza ya kulia chakula. Wana watoto wawili, mkubwa miaka 5 na mdogo miaka miwili na nusu. Na wa tatu yuko njiani, mimba ilikuwa ya miezi 6 nilipofika.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Dada anataka gari la familia. Shemeji anasema viti vya nyuma vipo, tatizo liko wapi? Maneno hayo yameliwa nyumba ile asubuhi na jioni mpaka watoto wanayajua kwa moyo.

Sasa piga hesabu. Gari lina viti vinne. Sisi wakubwa watatu, watoto wawili. Wikiendi tuliyopanga kwenda Schwarzwald, yaani Msitu Mweusi, ilibidi kila hatua mmoja wetu apande treni. Mtu wa tano nilikuwa mimi. Shemeji akacheka, "Shemeji, usijali, treni za hapa hazichelewi." Dada akamjibu bila kumtazama, "Na mtoto wa tatu naye atapanda treni?"

Asubuhi ya kubana viti

Sheria ya Ujerumani haina mchezo. Mtoto aliye chini ya miaka 12 na ambaye hajafika sentimita 150 hapandi gari bila kiti au kikalio kinachomfaa. Uingereza kikomo chao ni miaka 12 au sentimita 135. Sisi tuliozoea mtoto kupakatwa na mama kiti cha mbele tunaona kama mbwembwe za Wazungu. Lakini sikiliza hii. Gari likigonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa, nguvu yake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa kama mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia mtoto kwenye anguko hilo, hata ampende vipi.

Jumamosi asubuhi nikasimama barazani na kikombe changu cha chai nikiangalia kazi. Na ni kazi kweli! Milango ni miwili tu. Unavuta kikamata kwenye mgongo wa kiti cha mbele, kinainama, halafu wewe mzima unaingia nusu mwili, makalio nje, majirani wanakuona.

Kitu cha kwanza, viti vya nyuma vya 911 si bapa. Vimechimbwa kama bakuli na mgongo wake umesimama wima. Kiti cha mtoto chenye kitako kipana kinaelea juu, hakikai. Dada aliniambia walijaribu viti vinne dukani kabla ya kupata kinachotulia. Maduka mazuri ya kule yanakuruhusu utoke nacho mpaka kwenye gari lako ukakijaribu. Usinunue kwa rangi!

Kitu cha pili ni mkanda. Viti vya kisasa vingi hushikwa na vyuma viwili vilivyojificha kwenye maungio ya kiti, mfumo unaoitwa ISOFIX. Kiwango chake cha kimataifa kilitolewa mwaka 1999, mwaka ule ule wa gari la shemeji, kwa hiyo nyuma mle havipo. Kiti cha mdogo kinafungwa kwa mkanda wa gari. Shemeji anaweka goti juu ya kiti, anakandamiza kwa uzito wake wote, huku mkono mwingine unavuta mkanda mpaka ukaze. Halafu anakishika pale mkanda unapopita na kukitikisa. Kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, anaanza upya. Asubuhi ile alianza upya mara tatu, jasho linamtoka na nje kuna baridi.

Kitu cha tatu ni kufuli la mkanda. Likilalia ukingo wa kiti cha mtoto badala ya kunyooka, siku ya siku linaweza kufunguka. Kwenye gari dogo hili ndilo linalowakwamisha wengi, na ndilo lililofanya viti viwili kati ya vile vinne virudi dukani.

Mkubwa yeye ana kikalio chenye mgongo na mabawa ya kichwa. Mkanda unapita katikati ya bega, si shingoni, na chini unalala kwenye nyonga, si tumboni. Na wote wawili walivuliwa makoti mazito kabla ya kufungwa, maana koti likibonyea mkanda unabaki umelegea. Wakafunikwa blanketi juu ya mikanda. Ukiweza kufinya ukanda wa begani kwa vidole viwili, bado haujakaza.

Na mizigo je? Buti la mbele lina lita 130 tu. Kigari cha kusukuma mtoto hakikuingia. Kilipanda treni na mimi.

Mwanamke wa kwanza kufanya safari hii

Barabara kuu ya A8 inatoka Stuttgart kuelekea Karlsruhe, na katikati unapita Pforzheim. Ukipita hapo, vua kofia. Agosti 1888, Bertha Benz alichukua gari la mumewe Carl bila kumwambia, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akaendesha kutoka Mannheim mpaka kwa mama yake Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Mafuta yalipoisha alinunua dawa ya kuondolea madoa kwenye famasi ya mji wa Wiesloch. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Ile ndiyo safari ndefu ya kwanza ya gari duniani, na ilikuwa ya mama na watoto wake. Kwa hiyo wale wanaosema magari ni mambo ya wanaume na familia ni mambo ya wanawake, waambieni wakasome.

Dada alipenda sana habari hiyo. Hatua ile ya kwanza aliendesha yeye, mumewe pembeni. Mimi nilikuwa kwenye treni na kigari changu, nikawahi Baden-Baden kabla yao.

Kupanda mlimani

Baden-Baden ni mji wa maji ya moto, bustani na watu wazima wenye pesa zao. Kuanzia hapo inaanza barabara ya Schwarzwaldhochstraße, namba B500, kama kilomita 60 mpaka Freudenstadt. Jamani, hiyo barabara ni bomba! Kona baada ya kona, misonobari imesimama pande zote mpaka mchana unakuwa kama magharibi. Ndiyo maana wakaiita Msitu Mweusi. Ghafla miti inaachia na unaona bonde zima la mto Rhine chini yako, na kwa mbali milima ya Ufaransa.

Dada alikataa kona zile na tumbo lake, akachukua treni ya bonde la Murg, na kigari nikamkabidhi. Nikapata kiti chake cha mbele. Injini inanguruma nyuma ya migongo ya watoto kama simba aliyeshiba. Nilidhani watalia. Mdogo akalala ndani ya dakika kumi! Mkubwa alikuwa anapiga kelele "kona!" kila ikifika kona, mpaka alipokaa kimya. Na ukimwona mtoto kakaa kimya kwenye kona, ujue. Shemeji alipunguza mwendo, akafungua dirisha, akamwambia aangalie mbali mbele. Lakini kwenye kiti kile cha nyuma mbele kuna mgongo wa kiti cha mama tu. Tukasimama mara mbili. Mtu mwenye gari la kukimbia kuliko yote barabarani pale alipitwa na basi la wazee.

Ziwa Mummelsee liko mita 1,036 juu ya usawa wa bahari, duara jeusi katikati ya msitu. Tulitembea tukalizunguka, watoto wakapanda boti la kukanyaga. Keki ya Msitu Mweusi inauzwa hapo hapo: chokoleti, krimu, cheri. Angalizo kwa wenye watoto na kwa wasiogusa kilevi: ya asili hutiwa pombe kali ya cheri, kwa hiyo uliza kwanza.

Pale ndipo shemeji aliponifungukia. Aliniambia alishakwenda kwa fundi kuuliza habari za mtoto wa tatu. Kichanga hulazwa akiangalia nyuma, na kwa viwango vipya vya Ulaya ni mpaka apite angalau miezi 15. Kiti chake kikiwekwa nyuma mle, kiti cha mbele kinasukumwa mpaka kwenye dashibodi. Kikiwekwa mbele, lazima eabegi, lile puto linalofumuka dashibodini, izimwe kabisa, la sivyo ikifumuka inakipiga kiti cha kichanga kwa nguvu ya kuua. Fundi angeweza kuizima. "Sasa shemeji, nikishaizima, mtoto kakaa mbele, wawili nyuma, mimi usukanini. Mama yao yuko wapi?"

Nikamuuliza, mbona hajamwambia mkewe? Akaangalia maji. "Nikisema nimeshindwa hesabu, ataona gari ndilo lililokuwa linanizuia kuona."

Nikamjibu, "Shemeji, hilo ameshaliona siku nyingi. Anangoja ulione wewe."

Uwanjani Freudenstadt

Freudenstadt ulijengwa mwaka 1599 na una uwanja wa soko mkubwa mno, umezungukwa na majengo yenye baraza za matao. Maji yanaruka kutoka ardhini na watoto hukimbilia humo na viatu vyao. Dada alikuwa anatungoja kwenye benchi, miguu imevimba kidogo, kigari pembeni yake kitupu.

Mimi nikaenda na watoto kwenye maji. Sikusikia walichoongea na sikuuliza. Niliona tu shemeji anaongea kwa vidole, anahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Na dada, badala ya kusema "si nilikwambia", akamshika vile vidole.

Makubaliano waliniambia jioni. Gari linauzwa kabla mtoto hajazaliwa. Wananunua la familia, lenye milango minne na vyuma vya ISOFIX, na kitakachobaki kinakwenda kwenye akaunti ambayo dada ameipa jina "911 ya uzeeni". Siku watoto wakifika sentimita 150, mazungumzo yanafunguliwa upya.

Kabla hujanunua mkoko wa mbwembwe

Wewe uliyeko Dar, Mombasa au Nairobi unayeiwazia Mazda RX-8 ya Japani, nayo ina viti vinne na milango midogo ya nyuma inayofungukia kinyume, nenda na haya:

- Nenda na kiti cha mtoto siku ya kukagua gari, siyo baada ya kulipa.
- Hakikisha nyuma kuna mikanda ya pointi tatu inayofanya kazi. Ivute, iachie, ifunge.
- Kiti cha mtoto chenye mguu wa kushikilia chini kinataka sakafu imara na nafasi. Magari haya mara nyingi hayana.
- Usinunue kiti cha mitumba usichojua historia yake. Kilichowahi kuwa kwenye ajali hakifai tena, hata kama kinang'aa.
- Kichanga anayeangalia nyuma hakai mbele ya eabegi inayofanya kazi. Hapa hakuna "mara moja tu".
- Hesabu watu, halafu hesabu viti. Mwenzi wako naye ni mtu.

Kurudi Stuttgart dada alikaa mbele, watoto nyuma, wamebanwa vizuri na mikanda yao. Mimi nikarudi na treni, kigari kikiwa kimejaa makoti na kipande cha keki isiyo na kilevi.

Safari njema, na mkanda ufungwe!