Usukani Ukianza Kucheza

Ukitoka Gede kwenda Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke unakusindikiza upande wa kulia kwa kitambo kirefu, na barabara imenyooka kiasi cha kumfanya hata babu wa wajukuu avute mafuta kuliko alivyokusudia. Ni kwenye vipande kama hivyo ambapo waendesha bodaboda hukutana na jambo hili. Pikipiki imetulia kwenye 50, imetulia kwenye 60. Ikishapita 70 usukani unaanza kucheza, kushoto kulia, kushoto kulia, upesi kuliko mkono unavyoweza kuufuata. Wanaopima mambo haya husema ni kati ya mara 4 na mara 10 kwa sekunde. Mchezo huo ukiachwa ukue, usukani hufika mahali pa kugonga mwisho wake huku na huku, na hapo aliyepanda hana tena la kufanya.

Kila mtu ana mshukiwa wake. Mmoja atakwambia ni kiraka fulani cha lami karibu na Matsangoni. Mwingine atalaumu daraja la Kilifi, ambapo upepo wa baharini hukupiga ubavuni ghafla mara tu unapoacha kivuli cha miti na nyumba. (Kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 1991 watu walivuka kwa feri, na juu ya feri hapakuwa na nafasi ya kujaribu mwendo.) Wapo pia wanaotaja majini, na hao siwezi kubishana nao.

Ila kiraka kile kile hupitwa na mamia ya pikipiki kila asubuhi, na zote hutikisika. Gurudumu likigonga ukingo wa lami halina budi kutikisika. Tofauti iko katika kinachofuata. Kwenye pikipiki nzima mtikiso unakufa wenyewe kabla mwenye nayo hajautambua. Kwenye mbovu, kila mpigo unauzaa mwingine mkubwa zaidi. Kwa hiyo kuuliza "ni nini kilichoitikisa?" hakukufikishi mbali. Swali lenye faida ni kwa nini mtikiso ule haukufa.

Swali hilo nililipata kwa fundi mmoja wa Tezo, ingawa hakuwa akinifunza mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikingoja kuzibiwa pancha, yeye akimhoji kijana aliyekuja na pikipiki aina ya Boxer iliyochomelewa fremu ya chuma nyuma ya kiti, ya kupakilia madumu ya mnazi. Kijana alikuja na hukumu yake tayari: abadilishiwe golori za shingo, pale usukani unapozungukia. Alikwisha kuzibadilisha kwingine, na si mara moja. Tairi la mbele nalo lilikuwa jipya, bado lina zile nywele za mpira. Fedha zote alizotia zilikwenda mbele, kwa sababu mbele ndiko alikoiona shida.

Fundi hakugusa spana. Aliuliza, "Inacheza kichwa peke yake, au mwili mzima?"

Kijana hakujua.

"Haraka au polepole?"

"Mzee, mimi saa ile huwa naogopa. Sihesabu."

"Ukiwa na mzigo au mtupu? Ukivuta mafuta au ukifunga?"

Hapo akafikiri. Ilikuwa zaidi akiwa na mzigo. Na ndiyo, mara nyingine kiti nacho kilikuwa kikienda huku na huku chini yake, polepole kidogo.

Nilivutiwa na jinsi maswali yale yalivyomtoa yule kijana kwenye hofu na kumpeleka kwenye ushahidi. Kichwa kinachocheza haraka peke yake kina sababu zake: golori zilizolegea, rimu iliyopinda, tairi lililolika vibaya au lisilo na upepo wa kutosha. Mwili mzima unaoyumba polepole, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, mara nyingi hukutuma uangalie nyuma. Vyote viwili humtisha mtu kwa namna moja, na aliyetishika huviita jina moja. Nimewasikiliza watu wazima wakieleza shida za ndoa zao kwa mtindo huo, "nyumbani hakukaliki" basi, na hakuna anayewauliza ni haraka au polepole, ni mkiwa wawili au wageni wakiwapo.

Kisha ndipo akaanza kazi. Akaiweka pikipiki kwenye stendi kubwa, akamwambia kijana akandamize nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke. Akashika miguu ya foku chini kabisa, akaivuta na kuisukuma. Golori zikilegea, huko juu shingoni utasikia kitu kikigonga. Hakikugonga kitu. Akazungusha usukani taratibu kwa kidole kimoja toka mwisho hadi mwisho. Ulikwenda kwa uzito, na katikati ukanasa. Aliyezifunga golori mara ya mwisho alikuwa amezikaza hadi vikombe vyake vikaingia vidonda. Usukani uliokazwa hivyo hauwezi kujirekebisha wenyewe kwa vile visogezo vidogo ambavyo gurudumu hufanya kila sekunde ili kusimama wima, na pikipiki inaanza kutangatanga barabarani.

Akazungusha gurudumu la mbele, bisibisi ameisimamisha karibu na rimu, aone kama nafasi inapungua na kuongezeka. Akagonga spoku moja moja kwa spana ndogo, kichwa amekiinamisha. Iliyokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea hutoa sauti butu. Alipata chache butu, akaziwekea alama kwa chaki. Kazi hii ilichukua muda mrefu kuliko kawaida ya gereji za kando ya barabara, na wateja wawili waliondoka wakinuna.

Halafu akahamia nyuma, ambako hakuna aliyemtuma. Alishika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili akalisukuma kando, nalo likaenda, na ule mkono wa chuma unaolishika ukaenda nalo. Bushi zake zilikuwa zimekwisha. Akatazama alama za kukazia cheni pande zote mbili: upande mmoja ulikuwa umevutwa kuliko wa pili, kwa hiyo gurudumu la nyuma lilikuwa likielekea kwake na la mbele kwake. Alama zile hazikumtosha pia. Alitoa uzi, akaunyoosha toka tairi la nyuma hadi la mbele, akapiga jicho.

Mwisho akaitazama ile fremu. Madumu yote yalikaa nyuma ya ekseli. Kila kilo inayokaa huko inalipunguzia uzito gurudumu la mbele, na gurudumu lisilobonyezwa vizuri chini halina kinachozima mtikiso wake. Sisi watu wa mwambao hatukupaswa kuambiwa hili na fundi wa pikipiki. Nahodha aliyepakia shehena yote tezi hadi omo ikapanda juu hashangai chombo kikikataa usukani. Na kuna jambo la pili: dumu lisilojaa hucheza ndani, mnazi unakwenda kulia pikipiki ikienda kushoto. Waliofunga miavuli mikubwa kwenye pikipiki zao wakati wa jua kali nao wajue kwamba upepo hauwachukulii kama watu wa kawaida.

Baadaye nilisoma kwamba Mwingereza mmoja, Robin Sharp, alichapisha mwaka 1971 hesabu za namna pikipiki inavyopoteza utulivu. Alizigawa namna tatu: kulala ubavu, kuyumba mwili mzima, na kucheza kwa kichwa. Lililonikaa katika hesabu hizo ni kwamba ukiufanya usukani uwe mzito, kwa kuufunga kifaa cha kuuzuia, kichwa kitatulia, lakini kule kuyumba kwa mwili mzima kwa mwendo mkubwa kunazidi. Dawa ya mtikiso mmoja inaweza kuwa chakula cha mwingine. Yule aliyekaza golori za kijana kupita kiasi alikuwa amegundua nusu ya hesabu hiyo kwa mikono yake.

Nikakumbuka mwaka 2020, na nyumba za watu zilivyotikiswa. Mwezi wa Machi ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya korona, na Malindi na Watamu, zilizozoea kula kwa mkono wa mtalii, zikafunga milango. Pigo lilikuwa moja kwa wapishi, walinzi, mabaharia wa safari za matumbawe, wauza vinyago. Mwezi wa Agosti ndege zikarudi. Nyumba nyingine zilikwisha kutulia kabla ya hapo, kwa muhogo, kwa uvuvi, kwa kupunguza. Nyingine zimeendelea kutikisika miaka baada ya ndege kurudi, na wenyewe bado wanasema ni korona. Nazijua baadhi kwa karibu. Mshahara mmoja wa hoteli ulikuwa ukibeba karo za watoto wa kaka, mkopo wa kiwanja, na matibabu ya mzazi; mzigo wote umewekwa nyuma ya ekseli tangu zamani, ila barabara ilikuwa laini. Wapo akina baba walioitikia kwa kukaza usukani. Hakuna kutoka, hakuna kuuliza fedha imekwenda wapi, kelele zikome. Kelele zilikoma kweli. Kilichofuata ni ule mwendo wa polepole wa nyumba nzima: mtoto wa kiume kahamia kwa mjomba, mama kafungua akaunti yake kimya kimya.

Sisemi baba asishike usukani. Fundi alimpa kijana nati ya shingo aishike, akamwonyesha mahali inapotakiwa kusimama: usukani uanguke wenyewe upande ukiusukuma kidogo, lakini foku isigonge ukiivuta. Kati ya hapo na pale pana nafasi nyembamba, na haipatikani kwa nguvu.

Kijana alitaka kujua afanye nini mtikiso ukimkuta njiani kabla hajapata bushi mpya. Fundi alisema jambo ambalo kila mwendeshaji mzoefu hulisema na mwili wote hulikataa: legeza mikono. Ukiung'ang'ania usukani, mikono yako na mabega yako yanaingia kwenye mchezo na kuulisha. Bana tangi kwa magoti, inama mbele kidogo uzito uende kwenye gurudumu la mbele, punguza mafuta taratibu, na breki ya mbele usiishike kwa hamaki, kwa sababu inaweza kuukuza mtikiso pale pale. Kijana alitikisa kichwa kama anayeambiwa asipumue. Nami sidhani kwamba mtu hulijua hili kwa kuambiwa. Hulijua kwanza kwa mwendo mdogo, barabara tupu, akijizoeza kushika usukani kama anayeshika mkono wa mtoto, hadi vidole vizoee kutokaza kila anapogutuka.

Suala la mzigo ndilo lililoleta ubishi. Fundi alitaka fremu ikatwe na kusogezwa mbele, madumu yashuke ubavuni, tena yawe machache. Kijana akasema analipwa kwa dumu. Hapo fundi hakuwa na hesabu ya kumjibu, na mimi kwenye benchi sikuwa nayo. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoziondolea VAT pikipiki ndogo, vijana wengi wa kaunti hii wamejiajiri kwa magurudumu mawili, na bei ya kazi yao hupangwa na anayekubali kubeba zaidi ya mwenzake. Ushauri wa kupunguza mzigo ni rahisi kwa anayeutoa.

Wakakubaliana nusu. Fremu isogezwe, madumu ya ubavuni yajae hadi juu yasicheze, idadi ibaki ile ile, na mwendo usipite 60 hata msituni. Vikombe vya shingo na bushi za nyuma vibadilishwe, spoku zikazwe, gurudumu la nyuma linyooshwe kwa uzi. Fundi akaandika bei kwenye kipande cha katoni. Bushi zilikuwa rahisi kuliko golori zote alizokwisha kununua, na kijana alipoiona bei hiyo akaanza kuomba apunguziwe.