Hiyo video ya kisu sifanyi

Wasee, tangu niposti picha za akwaria ya shangazi, inboksi yangu imejaa ombi moja tu: "Tufanyie video ukiking'oa hicho kidudu na kisu." Mmoja amependekeza kiberiti cha gesi. Mwingine anataka nikikwangue na bisibisi halafu niweke ngoma za vita nyuma. Maze, naelewa. Mimi kazi yangu ni video, na najua watu husimama kuangalia kitu kikiharibiwa kuliko kitu kikisubiriwa. Lakini hiyo sifanyi, na acha niwaambie kwa nini, ndio mtu mwingine asiende kuifanya kwake.

Huyo mnyama anaitwa aiptasia. Ni anemoni mdogo wa rangi ya kahawia, mwili wake unapitisha mwanga kama glasi iliyoshikwa na mikono michafu. Wengi ni wa sentimita mbili au tatu. Ana shina, ana mdomo katikati juu, na ana minyiri myembamba imezunguka huo mdomo. Ukimwona mara ya kwanza unasema aki ni kamnazi kadogo! Shangazi alisema hivyo hivyo. Alimwona mmoja pembeni ya jiwe, akampenda, akanitumia picha. Aliingia bila tiketi, amejibana chini ya kijiwe chenye matumbawe ambacho shangazi alinunua kwa muuzaji. Mtoto wa aiptasia anaweza kuwa mdogo hivi kwamba hata ukikagua na tochi humwoni.

Sasa mjue hilo tangi si pambo la sebuleni tu. Shangazi anakaa Nyali, na tangi la lita 300 lilikuwa la marehemu mume wake. Yeye ndiye alipanga mawe, yeye ndiye alipanda matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya shati, ya kijani na ya rangi ya chungwa, yale wafugaji huita zoanthidi. Kile kijiwe kilikuwa kitu cha kwanza shangazi kununua mwenyewe tangu abaki peke yake. Kwa hivyo vile vifungo vilipoanza kujifunga mmoja mmoja na kukataa kufunguka asubuhi, hakuona shida ya anemoni. Aliona ameua kitu cha mzee. Alitaka kumwaga maji yote na kuliuza tangi hiyo wiki.

Kinachofanyika ni hivi. Aiptasia, kama anemoni wote, ana seli za kuchoma kwenye minyiri. Tumbawe likiwa karibu naye linachomwa kila mkondo wa maji ukisukuma minyiri upande ule. Likichomwa linajifunga, na likijifunga siku nyingi halipati mwanga, na mwani mdogo unaoishi ndani yake ndio hulilisha kwa huo mwanga. Ukimchokoza aiptasia ndiyo mbaya zaidi, anarusha nyuzi nyeupe kama uzi wa kushonea, nazo zinachoma pia.

Nilipofika Nyali, shangazi alikuwa tayari na kisu cha jikoni mkononi.

"Mwanangu, tukwangue hii balaa leo leo."

"Shikamoo shangazi. Kisu hapana. Ukimkata unampanda."

"Marahaba. Unampanda vipi? Kwani ni muhogo?"

Ni muhogo kabisa! Sijawahi kusikia mtu akieleza vizuri hivyo. Aiptasia hahitaji mwenzake ili kuzaa. Akitembea juu ya jiwe anaacha vipande vidogo vya mguu wake nyuma, na kila kipande kinaota mnyama mzima. Hiyo ni akiwa ametulia, hajaguswa na mtu. Sasa wewe njoo na kisu: unaondoa kichwa, unaacha mguu umeng'ang'ania kwenye tundu la jiwe, na vipande vingine vinasafirishwa na pampu hadi pembe zote za tangi. Video yako itakuwa moto sana. Wiki chache baadaye utakuwa na shamba.

Njia ya pili mnayonitumia ni wanyama wa kumla. Hiyo ni kweli ipo. Kuna konokono wa bahari asiye na gamba, anaitwa berghia, chakula chake ni aiptasia na hakuna kingine. Anatoka usiku, anakula polepole, na aiptasia wakiisha naye anakufa njaa. Asili yake ni upande wa Florida huko Marekani, si hapa kwetu. Kuna pia kamba mdogo mwenye mistari myekundu kutoka Atlantiki ambaye wengi humtumia. Lakini hapo kuwa macho. Bahari ya Hindi ina kamba mwingine wa mistari myekundu na nyeupe, ana nundu mgongoni kama ngamia na macho makubwa. Mtu akiwa na haraka atakuuzia huyo kama yule. Huyo wa nundu hadonoi aiptasia, anadonoa matumbawe, tena zoanthidi anazipenda. Yaani umeleta askari kumbe ni mwenzake mwizi.

Ya tatu ndiyo inanikasirisha: "Si mtupe tu hayo mawe, muende pwani mchukue mengine, bahari iko hapo." Bana, hapana. Matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya CITES ya viumbe ambavyo biashara yake inadhibitiwa, na hapa Kenya huwezi kuamka tu ukaenda kubandua mwamba bila kibali. Halafu hiyo bahari yenyewe haijakaa vizuri. Mwaka 1998 maji yalipata joto, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Ukienda kuchukua jiwe hai leo ili utengeneze sebule yako, unamwibia mgonjwa blanketi. Na msimwage mawe yenye aiptasia baharini pia. Yaanike juani yakauke kabisa.

Tulichofanya sisi ni chokaa. Si ile ya kupaka ukuta, tafadhali. Ni hidroksidi ya kalsiamu safi, ile ya kiwango cha chakula. Unakoroga na maji kidogo hadi iwe kama uji mzito, unaivuta kwa bomba la sindano lenye ncha butu, unazima pampu zote ili maji yatulie. Halafu unaenda polepole sana. Aiptasia akihisi kivuli au maji yakisukumwa anajirudisha ndani ya tundu kwa sekunde moja. Unashusha ncha karibu na mdomo, unamwaga tone, mara nyingine anadhani ni chakula na kulimeza, kisha unamfunika wote na mguu wake. Unasubiri dakika 20 hivi kabla ya kuwasha pampu. Vaa glavu na miwani, hiyo kitu inachoma ngozi na macho.

Na usiwe shujaa. Chokaa ina pH ya 12 na kitu, maji ya tangi yako kwenye 8 na kidogo. Ukipaka anemoni 40 jioni moja, umeua aiptasia na samaki pamoja. Sisi tulikuwa tunafanya watano, sita, tunafunga kazi. Hesabu ya kwanza ilikuwa 41. Shangazi aliandika kwenye daftari la mauzo ya mahamri, chini ya deni la jirani.

Kuna kitu kilinichekesha katikati ya hii kazi. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imejengwa kwa mawe ya matumbawe. Na chokaa ya majumba ya zamani ya Waswahili, kuanzia Lamu kushuka chini, ilitengenezwa kwa kuchoma matumbawe. Sasa sisi tuko hapo na chokaa kwenye sindano tunayatetea matumbawe. Shangazi alisema mababu wangetucheka.

Kingine, huyu adui ana kazi ya maana kwingine. Wanasayansi wanamfuga kwenye maabara makusudi. Naye ana mwani ndani ya mwili kama matumbawe, anazaana haraka, na anaweza kuishi hata mwani ukitolewa wote, kwa hivyo wanamtumia kuchunguza kwa nini matumbawe hupoteza mwani wao joto likipanda. Ramani ya jeni zake ilichapishwa mwaka 2015. Sijui kama hiyo inamfanya awe mtu mzuri. Kwa shangazi hapana, nilijaribu.

Tena tulipunguza chakula. Samaki walikuwa wanalishwa mara nne kwa siku, kwa sababu mzee alikuwa akiwalisha asubuhi na shangazi akaanza kuwalisha kila anapomkumbuka. Makombo yote yale yalikuwa yananenepesha aiptasia. Sikumwambia awakumbuke kidogo. Nilimwambia tu samaki wameshiba, na sasa asubuhi anakaa hapo na chai yake bila mkebe wa chakula.

Ni wiki ya saba. Vifungo vya kijani vimefunguka karibu vyote, vya chungwa nusu. Daftari linasema wamebaki wanne. Jana usiku nimeamshwa na ujumbe wa sauti, shangazi ananong'ona kabisa kama mtu anayevizia mwizi: "Mwanangu, nimempata mwingine nyuma ya pampu. Kesho uje na sindano. Hiyo kamera yako iache, inamtisha."